Simu Yako Kabla ya Kuvuka Busia

Uganda iko karibu nasi watu wa Kisumu kiasi kwamba tunasahau kuwa ni nchi nyingine. Unapanda matatu asubuhi, unapita Maseno, Luanda, Yala, Ugunja na Bumala, na kabla ya chakula cha mchana uko mpakani, Busia. Kitambulisho kinatosha kukuvusha. Basi mtu hupanga nguo, hufunga zawadi za wakwe, lakini simu huibeba tu ilivyo. Nimevuka hapo kwa biashara na kwa shughuli za ukoo, na naamini kabisa kuwa mawasiliano ya safari hupangwa nyumbani. Mpakani kuna kelele, kuna foleni, kuna wabadilishaji pesa wanaokuita kila upande. Si mahali pa kuanza kutafuta namba ya shangazi.

Anza na namba ulizohifadhi. Hapa ndipo watu wengi hukwama, na ni jambo ambalo hakuna anayekuambia. Namba za simu za mkononi za Kenya na za Uganda zinafanana: tarakimu kumi, na nyingi huanza na 07. Ukishaweka laini ya Uganda, ukabonyeza 0785 na tarakimu zinazofuata ukidhani unampigia shemeji yako wa Kondele hapa Kisumu, mtandao utamtafuta mwenye namba hiyo humohumo Uganda. Atapokea mtu wa Mbale au Masaka. Kwa simu ya kawaida utaomba radhi na kukata. Ukiwa unatuma pesa, shilingi zako zitaingia kwa mtu usiyemjua, na kuzirudisha ni kubembelezana. Kwa hiyo keti jioni moja kabla ya safari uhifadhi upya namba zote muhimu zikiwa na alama ya jumlisha: +254 kwa za Kenya, +256 kwa za Uganda, +255 kama una watu Tanzania. Namba ikihifadhiwa hivyo, itapatikana popote utakapokuwa.

WhatsApp nayo ina tabia hiyohiyo. Ukiihamishia kwenye namba ya Uganda, majina uliyohifadhi kwa 07 itayasoma kama ya Uganda, na nusu ya ukoo itapotea kwenye orodha. Acha WhatsApp ibaki na namba yako ya Kenya. Itafanya kazi vizuri hata kama data unayotumia ni ya laini nyingine.

Laini ya nyumbani usiitoe kwenye simu. Hili nalisisitiza kwa kila anayeniuliza. Laini hiyo ndiyo M-Pesa yako, ndiyo inayopokea zile namba za siri ambazo benki hutuma, ndiyo watoto wanayoijua. Kama simu yako ina sehemu mbili za laini, weka ya Uganda katika ya pili. Kama ina moja, simu ndogo ya mulika mwizi haigharimu sana, na betri yake hukaa. Tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kupunguza gharama za simu kwa wasafiri, na kupokea simu kukawa bure kwa anayetumia laini ya nchi yake akiwa katika nchi hizo. Hata hivyo uliza kampuni yako bei za sasa kabla hujaondoka, hasa za data. Na zima data ya laini ya Kenya kabla hujafika Busia mjini, maana minara ya pande zote mbili iko karibu na simu huweza kushika mtandao wa Uganda ungali upande wa Kenya. Picha na video zikianza kujipakua hapo, kredo huisha kimyakimya.

Laini ya Uganda inunue kwenye duka la kampuni yenyewe, ukiwa na pasipoti. Ndiyo, kitambulisho kilikuvusha, lakini kwa kusajili laini pasipoti hukuondolea maswali. Mchuuzi akikupa laini iliyokwisha kusajiliwa, ujue ina jina la mtu mwingine. Siku ikifungwa, pesa ulizoweka humo huna pa kuzidai.

Usiwaahidi watu wa nyumbani kwamba mtaonana Facebook. Serikali ya Uganda iliifunga Januari 2021, wiki ya uchaguzi, ikabaki imefungwa kwa miaka. Wiki ileile intaneti nzima ilizimwa kwa siku kadhaa. Katika uchaguzi wa Februari 2016 hata huduma ya kutuma pesa kwa simu ilisimamishwa. Kwa hiyo tazama kalenda ya siasa ya nchi unayoenda, na majira ya uchaguzi yakikukuta huko, uwe na pesa taslimu za kukutosha siku chache na mkubaliane na wa nyumbani kwamba intaneti ikipotea mtatumia ujumbe mfupi wa kawaida.

Halafu sikiliza redio. Msafiri wa leo hutazama simu tu, na mimi naona anakosa mengi. Redio ya basi au ya hoteli ndiyo itakayokwambia mapema kwamba barabara ya Jinja ina msongamano au kwamba kuna maandamano Kampala. Ukipita Tororo, tega sikio kwa Dhopadhola, lugha ya huko. Anayejua Dholuo hushangaa jinsi anavyonasa maneno mengi, na mazungumzo na jirani wa kiti huanzia hapo. Kampala redio nyingi ni za Kiganda, basi nunua gazeti. Daily Monitor ni la Nation Media Group, kampuni ileile ya Daily Nation letu, kwa hiyo mpangilio wake hautakuwa mgeni kwako, na New Vision hukupa upande wa serikali. Soma yote mawili.

Picha piga kwa adabu. Daraja la Jinja na bwawa la Nalubaale ni mahali pa ulinzi. Muulize askari kwanza, "Afande, naweza kupiga picha?" Akikataa, mshukuru na uendelee na safari.

Chaja yako itaingia bila shida, soketi zao ni za pini tatu kama zetu. Pawa benki beba, safari ya basi ni ndefu. Namba tatu au nne za lazima ziandike kwenye karatasi, uziweke mbali na simu, kwa sababu simu ikiibiwa steji huenda na namba zote. Na ukiendelea mpaka Kigali, saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja: mama akisubiri simu yako saa tatu usiku, wewe piga saa mbili.