Maswali ya Wasomaji: Kanda zilizolala miaka 40

SWALI: Mwaka 2025 mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen alitoa albamu saba kwa mkupuo, nyingine akiwa amezirekodi tangu 1983. Kwa nini zilifungiwa kabatini, na kanda ya zamani hivyo inatoaje sauti safi? Bendi yetu nayo ina rili (kanda za magurudumu) za 1984 tunazotaka kuzihamishia kwenye kompyuta. – Mpiga besi

JIBU: Usidhani zilikuwa makapi. Ile ya Streets of Philadelphia Sessions, yenye midundo ya mashine na sinthesaiza, ilikuwa tayari. Mwaka 1995 Springsteen akarudi studio na bendi yake ya E Street Band, ikawekwa kando. Faithless ilitungwa kwa filamu ambayo haikutengenezwa. Somewhere North of Nashville ilirekodiwa sambamba na albamu yake ya The Ghost of Tom Joad, na hiyo ya pili ndiyo iliyopewa nafasi.

Sasa rili zenu: msizipige kwanza! Kanda nyingi za tangu katikati ya miaka ya 1970, Ampex 456 zikiwemo, zina gundi inayonyonya unyevu hewani. Ikishalainika, kanda hulia kama mlango mbovu, hunata, na unga wa kahawia hubaki kwenye vichwa vya mashine. Unga huo ndio muziki wenyewe, na ukishabanduka haurudi.

Dawa yake ni kuzioka. Joto ni nyuzi 54 za Sentigredi: saa 8 hivi kwa kanda ya robo inchi, hata saa 24 kwa ile ya inchi 2. Geuzeni rili kila baada ya saa chache, kisha ziacheni zipoe kwa muda uleule. Tumieni kikaushio cha vyakula chenye feni, na kipimajoto cha pembeni, maana namba za kwenye kitufe hudanganya. Oveni ya jikoni hapana: joto lake hupanda na kushuka ovyo, na ya gesi huongeza unyevu. Nafuu hiyo ni ya wiki chache tu, kwa hiyo hamisheni kila kitu mara moja.

Tahadhari: shikeni rili mbele ya taa. Mwanga ukipenya katikati ya mizunguko, hiyo ni kanda ya zamani ya plastiki ya asetati, ukiioka utaiharibu.

Safisheni vichwa kwa alkoholi ya isopropili kabla ya kila rili. Mlio wa majaribio ukiwepo mwanzoni mwa kanda, fundi arekebishe nao mkao wa kichwa, la sivyo sauti za juu zitafifia. Rekodini kwa biti 24, kilohezi 96. Someni pia boksi: likiandikwa Dolby (mfumo wa kupunguza mvumo wa kanda), bila kifaa chake sauti itatoka kali, yenye mvumo.

Mkikuta na kaseti za mashine ya traki nne (njia nne za sauti, zote zikienda upande mmoja), msizitie kwenye redio kaseti. TEAC 144, mashine ya aina hiyo aliyorekodia Springsteen albamu ya Nebraska iliyotoka mwaka 1982, hukimbiza kanda sentimita 9.5 kwa sekunde, mara mbili ya kawaida. Kwenye redio mtasikia wimbo unajikokota, na mkigeuza upande, traki mbili zitacheza kinyumenyume.