Muulize Fundi: Laptopu ya Linux ya zaidi ya dola 1,000

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Chumbageni, Tanga, usiku najifunza kuandika programu. Natumia Linux, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, mwaka wa pili sasa na Windows sirudi. Kaka yangu aliye Marekani anakuja Desemba, kasema atanibebea laptopu. Nimezipenda za System76, zinakuja na Linux ndani, ila bei inapita dola 1,000. Wenzangu wanasema nalipia jina tu. Kweli?
Mwalimu Z., Chumbageni

JIBU: Marahaba mwalimu. Jina hulipii. Itembeze hiyo laptopu Ngamiani nzima uone kama kuna atakayegeuka! Ila mwili wake System76 hawautengenezi wenyewe. Wako Denver, Marekani, tangu 2005, na laptopu zao nyingi zimeanzia kwa Clevo, kampuni ya Taiwan. Tuxedo wa Ujerumani, wauzaji wengine wa laptopu za Linux, nao hivyo hivyo, wananunua mashine tupu kwa watengenezaji wa Asia.

Unacholipia ni kazi ya mtu. Kuna aliyekaa na mashine ile mpaka wai-fai ikashika, na ukifunika kifuniko ikalala, ukifunua ikaamka. Baadhi ya modeli wanazitia coreboot, programu huria ya kuwashia mashine. Na ukiwaandikia una shida, hawakwambii “rudisha Windows kwanza.” Hilo lina thamani, silibezi.

Shida ni bahari iliyopo katikati. Mwaka juzi mzee mmoja aliniletea mashine ya kampuni ndogo ya nje, jina nalihifadhi. Betri imevimba, tachipadi imeinuka kama chapati ya maji kwenye kikaango. Tanga betri ile hakuna, Kariakoo hakuna. Kuagiza, kila wakala wa mizigo akisikia betri ya lithiamu anakata simu. Mashine ilikaa kabatini kwangu miezi minne. Na huku kwetu vitu vinakufa mapema: laptopu za watu wa Raskazone nikizifungua nakuta kutu ya kijani kwenye viungio vya kibodi. Chumvi ya bahari hiyo.

Kwa hiyo kaka yako, kama naye anatumia Linux, anunue System76. Ikiharibika anaituma Denver. Wewe akutafutie ThinkPad T480 ya Lenovo iliyotumika. Ni ya 2018, ina betri mbili, ya nje unaichomoa kwa mkono bila bisibisi, na nafasi mbili za ramu. Vipuri vyake vimejaa, na Linux inaijua vizuri.

Kabla hajalipa, aende na flashi yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, aiwashe mashine kwa hiyo flashi. Afunike kifuniko, ahesabu mpaka mia, afunue. Wai-fai imerudi? Sauti ipo? Mwanga wa skrini unapanda na kushuka? Achomeke chaji kwenye kila tundu la USB-C, akitikisatikisa kidogo. ThinkPad za miaka ile zilikuwa na hitilafu ya Thunderbolt, teknolojia iliyomo kwenye tundu la USB-C, inayoweza kuua tundu hilo; Lenovo walitoa sasisho, ukiipata mashine, liweke siku hiyo hiyo.

Pesa itakayobaki ongeza ramu na SSD mpya, huko huko Marekani. Na waya wa chaji usimsumbue kaka: plagi ya kule ina meno mawili bapa, ya kwetu matatu. Njoo dukani nikupe wa huku, ninao boksi zima.