Sheria ya umeme Nigeria: kilichofika kijijini na kilichokwama mezani

Mleta mada ameuliza kama Sheria ya Umeme ya Nigeria ya mwaka 2023 imeleta mabadiliko ya kweli kwa umeme wa jua, au imebaki kwenye makaratasi. Nilifanya kazi huko kuanzia 2021 hadi 2024, kwanza nikiwa fundi wa mita, kisha msimamizi wa mradi katika kampuni ndogo ya sola jimboni Niger, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Kwa maoni yangu, kilichowasha taa vijijini kilitangulia sheria hiyo kwa miaka saba, nacho ni kanuni za gridi ndogo, yaani mitambo midogo yenye nyaya zake za kusambazia umeme kijijini, zilizotolewa na tume ya kudhibiti umeme, NERC, mwaka 2016. Kanuni hizo zilisema kwamba mtambo usiozidi kilowati 100 unasajiliwa tu, na kuanzia hapo hadi megawati 1 unaombewa kibali. Bei ilikuwa inaweza kupangwa kwa makubaliano na wanakijiji, mradi asilimia 60 ya wateja wawe wameridhia. Nakumbuka tulivyokaa chini ya mwembe kutwa nzima tukikusanya sahihi na alama za dole gumba, huku kinyozi mmoja akitupigia hesabu ya petroli anayoteketeza kwenye jenereta yake ndogo, ile ambayo Wanigeria wameibandika jina la utani lenye maana ya "afadhali mimi kuliko jirani yangu". Alisaini wa mwisho. Mei 2023 ruzuku ya mafuta ilipoondolewa na lita ikaruka kutoka chini ya naira 200 hadi zaidi ya 500, hakuna aliyelalamikia tena bei yetu.

Hata hivyo, kifungu kilichowatuliza wenye fedha kilikuwa kile cha gridi ya taifa ikifika kijijini. Kwa kanuni hizo za 2016, mwenye kibali aliweza kuunganisha mtambo wake na gridi hiyo, au kuukabidhi kwa kampuni ya usambazaji na kulipwa thamani iliyobaki baada ya uchakavu, pamoja na mapato ya miezi 12 iliyotangulia. Nguzo za kampuni ya usambazaji zilipoonekana kilomita chache kutoka kwetu, mkopeshaji wetu alipiga simu akiwa na wasiwasi, nami nikamsomea kifungu hicho neno kwa neno. Hatukuhitaji kumweleza zaidi.

Linganisha na miradi mikubwa. Mwaka huohuo wa 2016 kampuni 14 za sola zilisaini mikataba ya kuuzia serikali zaidi ya megawati 1,000, kwa bei ya takriban senti 11.5 za dola kwa uniti. Baadaye serikali ikataka ishuke hadi 7.5, na mazungumzo ya dhamana, yaani nani atabeba hasara mnunuzi akishindwa kulipa, yakavutana mwaka baada ya mwaka. Hadi naondoka, sikuwa nimesikia hata mmoja kati ya miradi hiyo uliokuwa ukiingiza umeme kwenye gridi. Mjini Minna watoto waliendelea kupiga kelele za "Up NEPA!" umeme unaporudi, ingawa NEPA, shirika la umeme la taifa, lilivunjwa mwaka 2005.

Sasa sheria ya 2023. Uzito wake hauko kwenye maneno yake kuhusu nishati jadidifu, bali kwenye mamlaka ya majimbo. Zamani Katiba iliyaruhusu majimbo kutunga sheria za umeme kwa maeneo yasiyofikiwa na gridi ya taifa tu; marekebisho ya Machi 2023 yakaondoa kizuizi hicho, na sheria ikafuata mwezi Juni. Enugu, Ekiti na Ondo yalikuwa miongoni mwa majimbo ya mwanzo kukabidhiwa usimamizi na NERC.

Hapo ndipo ninapoona hatari. Julai 2025 tume ya Enugu ilishusha bei ya wateja wa daraja la A, wanaopaswa kupata umeme angalau saa 20 kwa siku, kutoka naira 209 hadi 160 kwa uniti. Mlaji alishangilia, lakini wazalishaji walipinga wakiuliza nani atalipa pengo hilo, na swali hilo ndilo lilelile lililoikwamisha mikataba 14. Wenzangu niliowaacha huko, kabla ya kwenda kupima jua na kuhesabu kaya, sasa wanaanza kwa kuuliza jimbo husika lina tume yake au bado liko chini ya NERC.