Khalid alijitawaza, Hamoud akatawazwa

Swali lenu la wiki, kama Waingereza waliwajenga au waliwabomoa wafalme wa Kiarabu, limenigusa pabaya. Mimi nitajibu la Unguja tu: nani alikuwa na haki ya kumkalisha mtu kitini?

Wengi watamtaja Mfalme Faisal wa Iraki, aliyetawazwa Baghdad mwaka 1921 katika nchi ambayo hakuzaliwa. Kwetu yalianza mapema zaidi. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Waingereza huko India, aliamua Majid abaki na Unguja, Thuwaini na Maskati, na Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Ndugu wa baba mmoja, Sultani Said, urithi wao ukagawanywa na mgeni.

Marehemu ami yangu, mzaliwa wa Malindi aliyehamia Maskati baada ya Mapinduzi, hakuchoka kusimulia Agosti 27, 1896. Usiku mmoja barazani kwake alipanga vikombe vya kahawa mkekani: vitano manowari za Waingereza, kile chenye ufa Glasgow, meli ya Sultani. Sultani Hamad bin Thuwaini kafa juzi yake, binamu yake Khalid bin Barghash kaingia kasri ya Beit al-Hukm bila idhini ya konseli wa Uingereza. Saa tatu asubuhi muda wa onyo ukaisha, mizinga ikalia. Kabla ya saa nne kasri iko chini, watu wapatao 500 wameuawa au kujeruhiwa, Khalid kakimbilia kwa Wajerumani. Siku ile ile Hamoud bin Mohammed akawekwa kitini na Waingereza. Ami akakifudikiza kile kikombe. "Sasa mwanangu, huyo ni sultani au karani?"

Mkewe, ambaye bibi yake alizaliwa utumwani kwenye shamba la mikarafuu, akadakia: "Na mwaka uliofuata mbona husemi, bwana?"

Mwaka 1897 Hamoud alitia saini amri ya kufuta utumwa. Ami akanyamaza, akaomba kahawa nyingine.

Nimeanza barua hii nikitaka kusema tulidhulumiwa, basi. Na tulidhulumiwa kweli. Lakini najiuliza, Khalid angetia saini ile? Sidhani. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba waliubomoa usultani, na kwa yule bibi wa shambani ilikuwa heri. Ila wasisifiwe mno: fidia walipewa mabwana, si watumwa, na masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909.