Barua kwa Mwalimu: Sweta za Watoto wa Usambara

SWALI: Assalamu alaykum Mwalimu. Sisi ni kina mama 22 wa kikundi cha hisa hapa Wete, Pemba. Binti wa mwenzetu kaolewa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, na anasomesha skuli ya msingi huko juu, mbele ya Mlalo. Alipokuja Idi alituhadithia kuwa mwezi wa sita na wa saba watoto wanaingia darasani wanatetemeka, wengine miguu mitupu, na buku likijaa mtoto anaandika pembezoni. Maneno yale yalituingia. Msimu wa karafuu tukachanga pesa, na majumbani tumekusanya viroba saba: sare zilizowabana watoto wetu, mitandio, ndara na vitabu vya zamani. Tunataka kuvipeleka wenyewe. Mume wangu kaniuliza, "Hapo Fundo, kisiwa cha mbele yetu tu, hakuna watoto?" Nikakosa la kumjibu. Tufanyeje?
Mama wa Limbani, Wete

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu safari hiyo nimeshakwenda. Miaka ya tisini, nikiwa bado nasomesha Chake Chake, tulikusanya magunia manne kama hivyo viroba vyenu. Nikapanda nayo mashua Wete hadi Tanga, kisha basi hadi Mombo, na kutoka Mombo ile njia ya kona juu ya kona mpaka Lushoto. Kijijini tulifika mwezi wa saba, asubuhi, ukungu umeshuka hadi madirishani. Watoto walipangwa mstari uwanjani kutupokea. Nikafungua gunia la kwanza: kanzu za buluu na mitandio myeupe ya skuli za kwetu, kitambaa chepesi cha mtu wa pwani. Msichana mmoja wa darasa la tatu hivi alipewa kanzu, akaivaa palepale juu ya gauni lake, na bado akawa anajikunyata. Kanzu haikumzuilia baridi, na skuli asingeweza kuivaa, maana sare ya kule ni nyengine. Akanambia ahsante kwa adabu kubwa. Ahsante ile ninayo mpaka leo, na ndiyo inayonifanya nikujibu kwa urefu.

Viroba visipande meli. Ipande pesa. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na viko vijiji vilivyo juu zaidi ya hapo. Pemba nzima kilima chetu kirefu kabisa hakifiki mita 150. Mtu wa Wete atakuwa na sweta ya mtoto kabatini ya nini? Vitabu navyo viacheni. Elimu ya msingi si jambo la Muungano: sisi tuna mitaala ya Taasisi ya Elimu Zanzibar, wao wanafuata ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na mtoto atahangaika na kitabu kisicholingana na anachofundishwa. Tena mzigo mkubwa ukitoka huku kwenda Bara hupita forodhani, na hata ukiwa wa sadaka utaulizwa ni kitu gani na thamani yake. Nauli ya viroba saba, wachukuzi wa bandarini, basi, kisha bodaboda za kupandishia mlimani: hesabuni muone ni sweta ngapi hizo.

Kabla ya kununua hata kalamu moja, huyo binti amfikishie salamu zenu mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akae na kamati ya shule. Nalisisitiza hili kwa ajili ya binti mwenyewe. Yeye ni mgeni pale, ameolewa tu. Akianza kugawa vitu kwa mkono wake, huyu kapata na yule kakosa, nyinyi mtakuwa Wete mmelala na yeye ndiye atakayekutana na maneno kisimani. Orodha itoke kwenye kamati, wazazi wa pale wanajuana nani hana. Siku hizi shule za serikali za Bara hazitozi ada, msingi na sekondari, lakini sare, viatu na mabuku vimebaki kwa mzazi. Anayelima viazi na kabeji kwenye shamba la mteremkoni, bei ikianguka, ndipo mtoto anapokwenda miguu mitupu.

Kuhusu viatu nikupe jambo nililojifunza safari ya pili. Usiulize namba ya kiatu, kwa sababu mtoto ambaye hajawahi kununuliwa kiatu kipya hana namba. Mwalimu achukue uzi, aupime kwenye wayo kuanzia kisigino hadi kidole kirefu, aukate, aufunge kwenye kikaratasi chenye jina na darasa. Nyuzi zote zinaingia kwenye bahasha moja. Muuza viatu wa Tanga au Lushoto anautia uzi ndani ya kiatu, anaacha nafasi kidogo ya kukua, basi. Safari ile tulirudi na jozi mbili tu zisizoenea.

Sweta msinunue Tanga. Waulizeni hukohuko Lushoto kama yuko fundi wa kufuma wa kumpa kazi. Atajua rangi ya skuli ile, na pesa yenu itaingia kwenye nyumba ya mtu wa palepale ambaye pengine ana mtoto darasani. Mabuku nunueni Tanga kwa jumla, ila semeni "daftari". Kule buku ni shilingi elfu moja, mtapishana maneno na muuzaji bure.

Wakati: mwezi wa pili. Pesa za karafuu mnazo, skuli zimeshafunguliwa, njia kavu. Mkingoja masika, kati ya mwezi wa tatu na wa tano, ule udongo mwekundu ukirowa gari hazipandi, na mkingoja baridi ianze mtakuta skuli inajiandaa kufunga kwa likizo ya katikati ya mwaka. Sweta iwe mwilini kabla ya baridi kufika.

Kwenda wenyewe nendeni, si vibaya, lakini wawili tu, si 22. Nyinyi ishirini mliobaki nauli zenu ni sweta. Na hao wawili nakuombeni sana, msiwapange watoto mstari na msiwapige picha wameshika kiatu. Mtoto yule ana wenzake wanaomtazama. Vitu vikabidhiwe ofisini, mwalimu wa darasa awape kimyakimya. Kikundi kikitaka ushahidi, pigeni picha stakabadhi, rundo la daftari juu ya meza, na karatasi ya kamati yenye saini. Na sadaka hii msiichuje kwa dini. Milima ile ina misikiti na makanisa, na baridi inaingia nyumba zote. Kama kuna mwenzenu aliyetia zaka humo, itengwe, muulizeni shekhe wenu.

Sasa mumeo. Hakukosea kuuliza, na usimjibu kwa hasira. Vile viroba saba ndiyo jibu lake. Kanzu za buluu, mitandio, ndara, vitabu vya mitaala yetu, vyote vinafaa hapa hapa, na Fundo ni mashua moja tu kutoka bandari ya Wete. Wao nao wapelekeeni habari kwanza kwa mwalimu mkuu, kwa utaratibu uleule. Kaeni siku moja mchambue: kilichochanika kiwe tambara, kilichobaki kifuliwe, vifungo virudishiwe, kipigwe pasi, kikunjwe. Mtandio uliovaliwa mwaka mzima, ukitoka kwenye pasi, mtoto wa Fundo anauvaa skuli kesho yake.