Bluegill wakubwa huenda wapi Julai?

Maswali ya wasomaji, na Mzee wa Ndoana

SWALI: Mzee wa Ndoana, shikamoo. Mimi na wanangu tunavua bluegill, samaki wadogo wapana wa maziwa ya Marekani, kwenye ziwa moja karibu na Brainerd, jimbo la Minnesota. Mwanzoni mwa Juni tulisimama kwenye gati la umma, tukatupa nyungunyungu karibu kabisa na ufuko, tukatoa samaki wa kujaa kiganja. Sasa ni Julai. Gati ni lilelile na chambo ni kilekile, lakini tunapata vidagaa tu, vinadonoadonoa mpaka ndoana inabaki tupu. Jirani anasema ziwa limekwisha. Ni kweli? Au ninunue ile mashine ya kutafutia samaki?
Baba Wawili

JIBU: Marahaba, Baba Wawili. Mwambie jirani ziwa lipo na samaki wamo. Juni mliwakuta harusini, na sasa harusi imekwisha.

Maji yakikaribia nyuzi 70 za Farenhaiti, dume la bluegill husogea kwenye kina kifupi, likapunga mkia na kuchimba kishimo cha mviringo kwenye mchanga au changarawe. Madume hujenga viota vyao bega kwa bega. Jike hutaga na kwenda zake, dume hubaki kulinda mayai, na kila kinachopita mbele yake hukigonga, hata kama hana njaa. Ndiyo maana Juni hata mtoto aliyeshika ufito kwa mara ya kwanza anapata samaki.

Baada ya hapo wakubwa huondoka. Wadogo hubaki ndani ya majani karibu na gati kwa sababu moja tu: wakitoka wataliwa. Ziwa lenu lina bass na pike, samaki wakubwa walao wenzao, na bluegill wa inchi tatu ni tonge moja kwao. Mkubwa ana mwili mpana uliosimama kama wa perege, si rahisi kumezwa, kwa hiyo huthubutu kutoka nje kwenye maji mapana kula viroboto vya maji na vijidudu vingine vinavyoelea. Hao wanaowamalizia chambo ni watoto waliojificha, na mtawavua mpaka Septemba msipohama.

Kwa hiyo hameni. Tafuteni mahali majani yanapokoma na sakafu ya ziwa inapoanza kuteremka. Katika maziwa mengi ya huko mpaka huo unakuwa kwenye futi 10 hadi 15, na maji yakiwa maangavu sana unashuka zaidi. Mashine usinunue. Idara ya Maliasili ya Minnesota ina huduma ya bure mtandaoni iitwayo LakeFinder. Andika jina la ziwa, na kama limepimwa utapata ramani ya vina vyake. Mistari ya kina kwenye ramani inapobanana, hapo pana mteremko mkali. Kama huna mtumbwi, tafuta rasi au gati ambapo mistari hiyo inasogea karibu na nchi kavu.

Msishuke mno, lakini. Wakati wa kiangazi maji ya moto hukaa juu na ya baridi chini bila kuchanganyika, na katika maziwa mengi yale ya chini huishiwa oksijeni. Ukitupa chambo mpaka kwenye tope la futi 35 unavulia chumba kisicho na mtu. Mara nyingi wakubwa huelea katikati, juu ya tabaka hilo la baridi.

Hapo boya la kubana kwenye mshipi halifai, maana huwezi kutupa futi 12 za mshipi unaoning'inia. Tumia boya linaloteleza: mshipi unapita katikati yake, na fundo dogo la uzi ulilofunga juu ndilo linaloamua kina. Ukitaka kushuka futi mbili, unasogeza fundo. Mshipi wa ratili 4 unatosha. Ndoana iwe namba 8 au 10, yenye shina refu, kwa sababu bluegill ana kinywa kidogo na bila shina refu utahangaika kuichomoa. Chubwi liwe la bati au tungsteni, si la risasi. Loon, ndege wa jimbo lenu, humeza vipande vya risasi vilivyozama na kufa kwa sumu yake. Nyungunyungu umkate vipande; kipande cha nusu inchi kinatosha. Mzima huliwa mkia, kichwa kikabaki ndoanani.

Boya likienda upande au likilala, samaki amekwisha kula. Inua ufito, usinyakue. Ukipata mmoja mzuri, rudi palepale, maana hutembea kwa makundi. Mimi hupenda saa ya mwisho kabla ya giza, na kule Julai jua huzama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo hata mtu anayetoka kazini ana nafasi.

Sasa mtakapowapata, sikilizeni. Sheria ya jimbo inaruhusu samaki 20 wa jamii hii kwa mtu kwa siku, lakini maziwa mengi yamewekewa kikomo cha 10 au hata 5, basi someni kanuni za ziwa lenu. Hata pale penye 20, wale madume wapana wenye kifua cha rangi ya machungwa warudisheni. Kaskazini samaki hukua polepole. Bluegill wa inchi 8 anaweza kuwa na miaka saba au minane. Tena dume kubwa ndilo linalowafanya vijana wasubiri. Likiwepo, kijana hawezi kupigania kiota, kwa hiyo anaendelea kula na kukua. Likitolewa, kijana anakomaa akiwa mdogo, nguvu zake zinaingia kwenye uzazi, na mwili unabaki pale. Wakitolewa wengi, ziwa linajaa wazazi wa inchi tano, na hapo maneno ya jirani yako yatakuwa na ukweli. Wa kula wawe wa inchi 7. Wanatosha kikaango, na minofu yao ni mitamu vilevile.

Watoto walio chini ya miaka 16 hawahitaji leseni, wewe unahitaji. Kila mtu mshipi mmoja wakati wa kiangazi. Nyungunyungu waliobaki watie kwenye pipa la taka, si porini: misitu ile ilikua bila wao tangu barafu kuu ilipoyeyuka, na wanakula majani makavu ambayo miche huota humo.

SWALI: Naweza kubeba bluegill wachache hai nikawaachie kwenye bwawa la rafiki yangu?
Msomaji, Duluth

JIBU: Hapana. Kupandikiza samaki Minnesota kunahitaji kibali, na kuna sababu. Mwaka 1960 meya wa Chicago alimpa Akihito, wakati huo mwana mfalme wa Japani, zawadi ya bluegill. Walipelekwa kufugwa, wakaenea mpaka Ziwa Biwa la huko Japani, wakawa balaa kwa samaki wa asili. Mwaka 2007 Akihito, akiwa mfalme mkuu, alisema hadharani kwamba jambo hilo linamuumiza moyo. Rafiki yako aombe kibali, kisha anunue kwa mfugaji mwenye leseni.