Maswali ya Wasomaji: Vimeng'enya vya Ini Vinapopanda Katika Matibabu ya Saratani ya Tezi Dume

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana umri wa miaka 71 na tunaishi Kibosho, Moshi. Mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha kufika kwenye mifupa. Alianza kuchomwa sindano ya kupunguza homoni, na hivi karibuni ameongezewa vidonge vya abirateroni, vinavyozuia mwili kutengeneza homoni za kiume, pamoja na predinisoloni. Kipimo cha damu cha wiki ya sita kimeonyesha ALT 168 na AST 121, ilhali kikomo cha maabara kwa vyote viwili ni 40. ALP ni 310, na bilirubini, ile rangi ya manjano ambayo ini huiondoa kwenye damu, iko sawa. Daktari wake ameagiza arudie kipimo baada ya wiki moja, lakini nyumbani tumegawanyika. Mama anataka vidonge vyote viachwe, na baba mdogo ameleta kutoka Arusha chupa ya mitishamba anayosema husafisha ini. Je, saratani imeingia kwenye ini? Tufanye nini?
Msomaji, Kibosho

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Majibu uliyoyaandika hayasemi kwamba saratani imeingia kwenye ini. ALT ni kimeng'enya kinachokaa kwa wingi ndani ya chembe za ini, na chembe hizo zinapoumia humwagika kwenye damu. AST hutoka kwenye ini na pia kwenye misuli. Vyote viwili huonyesha kwamba ini limekwazwa, lakini havitaji kilicholikwaza. ALP, kimeng'enya cha tatu, ni habari nyingine, kwa sababu hutengenezwa na ini na pia na mifupa, na mgonjwa ambaye saratani yake imefika kwenye mifupa mara nyingi huwa nayo juu hata kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Tafuteni karatasi ya vipimo vya kabla ya kuanza abirateroni muilinganishe na hii. Shaka ikibaki, kipimo cha GGT, kimeng'enya kingine cha ini, husaidia kujua kama ALP inatoka kwenye ini au kwenye mifupa, na daktari akiona haja ataagiza ini lipigwe picha ya ultrasaundi.

Wa kushukiwa kwanza ni abirateroni yenyewe, maana inajulikana kupandisha vimeng'enya hivi, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Ndiyo maana mwongozo wa dawa hii unataka damu ipimwe kabla ya kuanza, kisha kila baada ya wiki mbili kwa miezi mitatu, na baadaye kila mwezi. Ikiwa kipimo cha wiki ya sita ndicho cha kwanza kwa baba, mwulizeni daktari ratiba ikoje kuanzia sasa. Dawa husimamishwa ALT au AST inapozidi mara tano ya kikomo, au bilirubini inapozidi mara tatu. ALT ya baba imezidi kidogo mara nne, kwa hiyo hajavuka mstari huo, ila ameusogelea, na wiki moja aliyopewa si ya kuahirishwa kwa sababu ya nauli, mvua au msiba wa jirani. Kama safari ya kliniki ni ngumu, ulizeni iwapo damu inaweza kuchukuliwa hospitali ya karibu na majibu yakapelekwa, na msisahau kuonyesha kikomo cha maabara hiyo, kwani vikomo hutofautiana.

Hata dawa ikisimamishwa, matibabu hayajashindwa. Vimeng'enya vikishuka vya kutosha, kwa kawaida mgonjwa hurudishwa kwenye dozi ndogo, kwa mfano miligramu 750 badala ya 1,000 kwa siku, naye akaendelea chini ya uangalizi wa karibu. Wapo ambao ini lao huumia sana hata wasirudishiwe tena dawa hiyo, lakini uamuzi huo hufanywa kwa namba na hali ya mgonjwa, wala haufanywi kwa hofu ya nyumbani. Namwomba mama asiviache vidonge vyote kwa siku moja, na hapa nasisitiza predinisoloni: anayeitumia kwa wiki kadhaa akiikata ghafla anaweza kuishiwa nguvu, kutapika na kushukwa na shinikizo la damu, kwa kuwa mwili umekwisha kuizoea.

Sasa nina swali langu kwenu, nalo naliona muhimu kuliko yote: baba anameza vidonge hivi saa ngapi? Predinisoloni humezwa pamoja na chakula ili isiumize tumbo. Abirateroni ni kinyume chake, humezwa tumbo likiwa tupu, angalau saa mbili baada ya kula, na mgonjwa asile tena mpaka saa moja ipite. Dawa hizi hutolewa dirisha moja siku moja, na mzee akiambiwa kwa haraka kwamba zinakwenda pamoja, anazimeza zote baada ya bakuli la mtori wa nyama. Chakula chenye mafuta mengi kinaweza kuzidisha kiwango cha abirateroni kwenye damu hadi mara kumi, na ini ndilo linalobebeshwa mzigo huo. Kaeni naye asubuhi mwone anavyofanya, kisha mweleze daktari mlichokiona bila kumlaumu baba, maana kosa hili ni rahisi mno kufanyika.

Chupa ya baba mdogo iwekwe kando. Najua ameileta kwa upendo, na aambiwe hivyo. Lakini hakuna mtishamba uliothibitishwa kusafisha ini lililokwazwa na dawa, na baadhi ya mitishamba, ukiwamo mshubiri unaonywewa, imewahi kuumiza ini yenyewe. Akiinywa wiki hii, kipimo kijacho hakitamwambia daktari chochote kwa uhakika. Kama ameshaonja, semeni, na mbebe chupa hiyo kliniki. Mbege, ile pombe ya ndizi, nayo iachwe mpaka ini litulie.

Angalieni pia dawa za maumivu. Mgonjwa wa mifupa huumwa, na dukani hupata vidonge vinavyochanganya diklofenaki na paracetamol, akaongeza paracetamol nyingine kwa ajili ya mafua, bila kujua kwamba anajazia dawa ile ile. Andikeni kila anachomeza, zikiwamo dawa za kifua kikuu kama anazitumia.

Msisubiri wiki iishe iwapo macho yatakuwa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, akawashwa mwili mzima, akatapika mfululizo, akaumwa upande wa kulia chini ya mbavu au akaanza kuchanganyikiwa. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Nilipokwenda kuchangia damu niligundulika kuwa na homa ya ini aina ya B. Sasa nimeandikiwa bikalutamidi, vidonge vya kuzuia homoni za kiume, kwa saratani ya tezi dume. Sijamwambia daktari wa saratani kuhusu homa hiyo. Je, ina uzito?
Msomaji, Ngaramtoni, Arusha

JIBU: Ina uzito, ndugu yangu, na tafadhali umwambie kabla ya kuanza vidonge. Bikalutamidi huumiza ini la watu wachache, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu hadi minne ya mwanzo, na ini lililokwisha kuguswa na virusi linahitaji kupimwa kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye. Ataagiza vimeng'enya, na huenda pia akataka kujua wingi wa virusi kwenye damu yako. Taarifa hii itakuwa na umuhimu zaidi ikiwa siku moja utapewa predinisoloni, kwa kuwa dawa za jamii hiyo, yaani steroidi, zinaweza kuamsha virusi vilivyokuwa vimetulia, na zipo dawa za kuvizuia zinazoweza kuanzishwa mapema. Nenda na karatasi uliyopewa ulipochangia damu.